Hodi ya Tatu

Sauti ya kwanza asubuhi hiyo ilikuwa ya bibi mwenye mafua. "Karibu," alisema, kisha akapiga chafya. Somoe Chilumba akabonyeza kitufe cha kijani. Ya pili ilikuwa ya mwanamume aliyekuwa akitafuna kitu. "Aa, karibu, karibu." Kijani. Ya tatu ilikuwa ya mtoto wa kike aliyeitikia kutoka uani, na nyuma yake akasikika mama mtu akimgombeza kwa kuacha mlango wazi. Watoto hawahesabiwi. Somoe akabonyeza chekundu.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Kila Jumatano alisikiliza karibu mia nne kabla ya chai, na hapo sisemi takriban. Nasema karibu zenyewe, zilizotoka vinywani mwa watu wa wilaya ya Namdimba wakiwa majumbani mwao. Masikio yalikuwa yamechoka kuliko miguu. Jioni akienda kwa jirani kuomba chumvi, akiambiwa karibu, kidole kilimcheza chenyewe kikitafuta kitufe.

Nje ya dirisha Mgeni mmoja alikuwa akivuka barabara ya lami. Mashine zile zilikuwa na kimo cha mbuzi, miguu minne ya chuma na mfuko wa maji safi mgongoni. Watu walizisalimia kama wanavyosalimiana, na jina la Mgeni lilizishika tangu mwanzo. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba za wenye figo zilizokufa, kuunganisha mirija yake na mkono wa mgonjwa, kuisafisha damu kwa saa nne, kisha kwenda zake. Alitumwa na Shirikisho, nchi za ng'ambo zilizoungana, na hakuwahi kumwomba mtu hata shilingi.

Aliomba ruhusa tu. Sheria ya Ridhaa ilisema hakuna msaada utakaovuka kizingiti cha mtu bila mtu huyo kukubali kwa lugha yake. Mwaka wa kwanza Mgeni alisimama mlangoni na kusema, "Habari. Naomba idhini yako ili niingie kutoa huduma." Watu walifunga milango. Walidhani ni polisi, au wauza dini. Nyumba saba kati ya kumi zilikataa, na wagonjwa wakafa huku dawa imesimama uwanjani. Ndipo Somoe, wakati huo mwalimu wa Kiswahili aliyekodiwa kurekebisha matamshi ya mashine, aliposema jambo lililokuja kumpa cheti cha heshima chenye fremu ya dhahabu. Alisema, mfundisheni kupiga hodi. Tangu hapo kila karibu iliyoitikiwa ilirekodiwa, na Somoe ndiye aliyeipitisha au kuikataa.

Mlango wa ofisi ukagongwa. "Hodi."

"Karibu," alisema Somoe, wala hakuinua kichwa.

Aliyeingia alikuwa Fikirini Mtopwa, afisa wa Shirikisho katika wilaya, kijana wa miaka thelathini na tano hivi mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na uso usiolala. Mkononi alikuwa na kishikwambi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja mwenyewe. Kuna msiba?"

"Hamna, mama. Ni ile hati ya mwaka. Safari hii wanataka isomwe kwa sauti kabla hujaweka dole gumba."

Somoe akavua vifaa vya masikioni. Hati ya mwaka ilikuwa kurasa kumi na nne, na siku zote aliitia sahihi kama mtu anayefukuza nzi. "Haya, isome."

Fikirini aliruka hadi katikati. "Kipengele cha sita. 'Mimi, mzaliwa wa lugha hii, nathibitisha kwamba neno karibu, linavyotamkwa na wakazi wa wilaya, lina maana ya nakubali. Na kwamba kila aliyelitamka amekubali msaada, pamoja na kumpa mfadhili haki ya kubeba sauti yake Barazani.'"

Somoe akakivuta kishikwambi akakisoma mwenyewe. "Hicho kipengele ni kipya."

"Kipo tangu mwaka wa tano, mama. Umekiwekea sahihi mara saba."

Alitaka kukasirika akakosa wa kumkasirikia. Kila mtu alijua habari za Baraza la mataifa. Siku hizi pale hahesabiwi waziri wala balozi. Zinahesabiwa sauti za watu, na mfadhili hubeba sauti za aliowasaidia. Utaratibu huo ulitungwa kwa nia njema, baada ya miaka mingi ya viongozi kuuza kura za nchi zao wakiwa hotelini. Ila Somoe hakuwa amewahi kujiuliza sauti hizo zinaokotwa wapi. Kumbe alikuwa akizipanga yeye, kila Jumatano, kabla ya chai.

"Kwa nini safari hii isomwe?"

"Kwa sababu Jumanne kuna kura ya bonde la Ruvuma, na waliokaa jirani na bonde sauti zao ni nzito. Shirikisho linataka kuzika hewa pale. Moshi wa viwanda vyao, wanaukamua, wanausukuma chini ya mwamba."

"Ni salama?"

"Wanasema ni salama."

"Basi wangezika kwao."

Fikirini alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja.

"Nikisema karibu si nakubali?" Somoe akauliza.

"Karibu zote zinabatilika. Mgeni haingii nyumba isiyokubali. Itabidi litafutwe neno jingine, lipimwe, lithibitishwe. Siku tisini."

"Na siku hizo tisini atakaa wapi?"

"Ghalani."

"Kwani haiwezekani kutenganisha? Mlango mbali, sauti mbali?"

"Nimewauliza, mama. Nimewaandikia mara mbili. Wamesema ni ridhaa moja, haikatwi vipande." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kuna wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Baba mkwe wangu ni mmoja wao. Sikuja kukubembeleza wala kukutisha. Wanataka jibu Ijumaa saa sita mchana."

*

Mwanahawa Likwata alikuwa dada wa marehemu mume wa Somoe, na urafiki wao ulikuwa umemzidi marehemu umri. Alasiri ile alikuwa amekaa barazani kwake, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooshwa, akipukuchua mbaazi ambazo daktari alimkataza kula.

"Umekuja mikono mitupu, wifi," alisema. "Kaka yangu aliona nini kwako?"

"Aliona wewe umeshaolewa, akakosa wa kumpikia."

Wakacheka kidogo, kwa mazoea. Somoe akakaa mkekani, akachota mbaazi mkononi, akaanza kumsaidia. Kwenye mkono wa kushoto wa Mwanahawa ule mshipa mnene wa kuunganishia mirija ulionekana ukicheza chini ya ngozi, na juu yake plasta mbili za asubuhi hiyo.

"Mgeni amekuja?"

"Amekuja, amemaliza, ameondoka. Nimemsimulia habari za mtoto wa Binti Nangumbi alivyomtorosha mchumba wa mtu. Anasikiliza yule! Ana adabu kuliko kaka yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiingia hadi jikoni bila hodi."

Somoe alikuwa amekusudia kuzunguka kwanza. Badala yake akayamwaga yote: hati, kipengele cha sita, Baraza, bonde, moshi. Aliyasema huku akiangalia mbaazi. Alipomaliza, mikono ya Mwanahawa ilikuwa imesimama.

"Hizo karibu zangu ni ngapi?"

"Tatu kwa wiki, miaka sita. Ila sauti ni moja. Zile nyingine zinaithibitisha tu."

"Na aliyemfundisha hodi ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini hodi, wifi? Si mngemfundisha aulize vizuri."

Swali hilo Somoe hakuwahi kuulizwa na mtu, hata siku ya cheti. "Kwa sababu nilijua hakuna atakayeikataa," alisema. "Hodi haikataliwi. Hata mwizi akipiga hodi tunamwitikia kwanza, ndipo tunashtuka. Nilitaka watu wasife."

"Na hawakufa."

"Hawakufa."

Mwanahawa akarudi kwenye mbaazi. Alizaliwa kule chini bondeni, kabla watu hawajapanda uwandani, na baba yake alizikwa huko karibu na ukingo wa mto. Kila mwaka, kabla figo hazijamfunga, alishuka kwenda kufyeka kaburi. Somoe alijua hayo yote, na alijua ndiyo yanayopita kichwani mwa wifi yake.

"Baba amelala kule," Mwanahawa akasema hatimaye. "Sasa wamlaze na moshi wa nani? Hata kumfahamu hawamfahamu."

"Huenda hakuna madhara."

"Huenda. Lakini mimi sikuulizwa. Nilipigiwa hodi nikaitikia, kama nilivyolelewa." Akalitupa ganda uani, kuku wakalikimbilia. "Ijumaa sitamwitikia."

"Wifi!"

"Ulimfundisha hodi ngapi?"

"Tatu. Asipojibiwa anaondoka, nyumba inaandikwa imekataa, na hairudiwi mpaka miezi mitatu."

"Basi atapiga zake tatu."

"Sauti yako moja haibadilishi kitu kule."

"Basi nao hawataikosa."

Somoe alimbembeleza mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye banda la kuku. Alimkumbusha jirani aliyekosa kusafishwa wiki moja na nusu, alivyovimba, alivyokuwa akipumua kama anayezama. Mwanahawa alisema anakumbuka, ndiye aliyemwosha. Kisha akasema amechoka, na alikuwa hasemi uongo. Alikuwa mtu wa kunywa kikombe kimoja cha maji kwa siku, katika uwanda ambao mama zao walitembea nusu siku kuyafuata, na sasa bomba lilikuwa mlangoni na yeye hana ruhusa nalo.

*

Alhamisi Somoe alikwenda hospitali ya wilaya kuziona mashine mbili za kusafisha damu, kwa sababu mtu akikosa pa kushika hushika chochote. Moja ilikuwa ikifanya kazi. Nyingine ilikuwa imefunikwa shuka, na juu ya shuka mtu ameweka boksi la glavu.

"Inasubiri kifaa," muuguzi alimwambia. "Tangu Wageni walipoanza kuingia majumbani, nani ataleta kifaa hapa? Tukiomba tunaambiwa huduma hiyo mnayo tayari."

"Hii moja inachukua wangapi?"

"Tukijitahidi sana, kumi na wawili kwa wiki."

Somoe akashukuru. Njiani alijaribu kuchagua hao kumi na wawili kutoka kwenye mia mbili na kumi na wawili, akaona aibu kwa sababu wa kwanza aliyemweka alikuwa wifi yake, na wa pili baba mkwe wa Fikirini.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona njia iliyo safi. Akithibitisha, anawauzia watu bonde ambalo hawakuulizwa. Akikataa, anawanyang'anya Mgeni, na hilo pia hawakuulizwa. Kwa vyovyote atakuwa amewasemea, na kuwasemea watu ndilo kosa alilokuwa akililaumu kwa Shirikisho. Alitamani angebaki mwalimu wa shule, akisahihisha insha za ng'ombe na faida zake.

*

Ijumaa asubuhi saa mbili kasoro alikuwa kwa Mwanahawa, kishikwambi alichoachiwa na Fikirini kikiwa mkobani. Alikuta kitanda kimetandikwa na wifi yake amelala juu yake akiwa amevaa kanga mpya, kama mtu anayesubiri gari la safari. Macho yalikuwa yamevimba chini.

"Umekuja kunishika mdomo au kunifungua?"

"Nimekuja kukaa."

Wakasikia miguu ya chuma kwenye kokoto. Mgeni alikuwa hachelewi. Kivuli chake kikaonekana chini ya pazia, na juu kidogo taa ndogo iliyo kwenye paji lake, ile inayowaka kijani kila anaposikia neno analolisubiri.

"Hodi," akasema.

Ilikuwa sauti ya Somoe mwenyewe, ya miaka kumi na mmoja nyuma, iliyolainishwa kidogo. Waliirekodi siku moja mchana katika chumba kisicho na madirisha. Alikumbuka alivyoirudia mara arobaini, mpaka ikawa hodi ya mtu asiye na haraka, asiye na shida, aliyepita tu kujulia hali.

Mwanahawa akafumba macho.

"Hodi," Mgeni akasema tena.

"Wifi," Somoe akanong'ona. "Itikia leo tu. Mimi nitajua la kuwaandikia."

Mwanahawa akajishika mdomo kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kitanda. Jasho lilimtoka kwenye paji. Alikuwa akijizuia kama mtu anayezuia kikohozi msikitini, na Somoe aliona kwamba kukaa kimya kulikuwa kukimwumiza kuliko sindano.

Nje kuku alipita, kukapita baiskeli.

"Hodi."

Hii ilikuwa ya tatu. Somoe alikuwa ameitengeneza kwa makusudi ishuke kidogo mwishoni, kama ya mtu aliyekwisha kugeuza mwili nusu kuondoka, kwa kuwa alijua hiyo ndiyo inayouma moyo wa mwenye nyumba. Alisikia mguu mmoja wa chuma ukirudi nyuma kwenye kokoto.

"Karibu."

Taa ikawaka kijani. Pazia likasogea, Mgeni akaingia, akainama kando ya kitanda, akaanza kutoa mirija yake. Mwanahawa akafumbua macho.

"Nani amesema karibu?"

Somoe alikuwa amesimama. Hakukumbuka kusimama. "Mimi."

"Ulikuwa umekubali?"

"Hapana. Sijakubali kitu. Sijui limetokaje."

Mwanahawa akamtazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguliwa na mgeni akishaingia hatolewi, na akageuza uso ukutani sindano zilipoingia. Damu ikaanza kutembea kwenye mirija, nyekundu ikienda, nyekundu ikirudi.

Walikaa hivyo saa mbili bila kusema la maana. Saa nne na nusu hivi Somoe akakitoa kishikwambi.

"Nikiandika kwamba si ridhaa, Jumatatu haji," alisema. "Si kwako tu. Kwa wote."

"Najua."

"Wako watu ambao wangekubali. Wangesema chukueni bonde, nipeni uhai. Nao wana haki."

"Wana haki. Basi waulizwe." Mwanahawa aliongea akiangalia dari. "Waulizwe swali zima, wajibu wakijua. Mwingine atasema ndiyo, na mimi sitamlaumu. Lakini asidakwe kwa adabu yake."

"Siku tisini ni nyingi, wifi."

"Nitakwenda kupanga foleni kwenye ile mashine ya hospitali. Nikipata, nimepata." Akamgeukia wifi yake. "Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Mimi pia. Andika."

Somoe akaandika. Kwenye kipengele cha sita alibonyeza chekundu, kitufe ambacho kwa miaka yote alikitumia kwa watoto na walevi. Chini yake palikuwa na nafasi ya kueleza sababu, mistari mitatu, na sababu ilijaza miwili. Katika ule wa tatu aliomba Mgeni afundishwe kuuliza swali zima, hata likichukua robo saa mlangoni, na akajitolea kulirekodi yeye bila malipo. Saa sita kasoro dakika ishirini akaweka dole gumba. Hakuna kilicholia. Baada ya dakika chache simu yake ikatetemeka, ulikuwa ujumbe wa Fikirini wenye neno moja, "Nimeona." Hakujua kama ni lawama au shukrani, na hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Kazi iliyoanza humalizwa. Hivyo ndivyo Wageni walivyoundwa. Saa sita Mgeni akachomoa sindano, akabandika plasta mbili, akapangusa tone moja sakafuni. Siku nyingine, akimaliza, husema nitarudi Jumatatu. Leo alisimama mlangoni kidogo, kana kwamba neno limempotea.

"Asante kwa kunikaribisha," akasema kwa sauti ya Somoe. "Kwaherini."

"Karibu tena," akaitikia Mwanahawa.

Taa ya kwenye paji haikuwaka. Mgeni akapita pazia, miguu yake ikasikika kwenye kokoto mpaka barabarani, kisha haikusikika tena.

Mwanahawa alikuwa ameketi kitandani, kiganja mdomoni, macho yamemtoka. "Limetoka lenyewe, wifi," akasema. "Wallahi limetoka lenyewe."

"Najua," Somoe akajibu, akikirudisha kishikwambi mkobani. "Ndicho nilichowaandikia."